Ushanga Uliopita Kiasi

Katika nyanda za juu za Mbulu, kule Daudi na vijiji jirani, baridi ya asubuhi humfundisha mtu faida ya vazi kabla hajafundishwa uzuri wake. Vazi ni mwenyeji, pambo ni mgeni. Mgeni akijaza nyumba hata mwenyeji akakosa pa kukaa, haitwi tena mgeni.

Neno hili lina haja ya kusemwa juu ya sketi za ngozi za Wairaqw, zilizovaliwa na mabinti walipotoka katika marmo, unyago uliokoma katika karne ya 20. Baadhi yake zimehifadhiwa katika makumbusho ya ng'ambo, na watazamaji huzisifu kwa wingi wa ushanga. Wako wanaodai kuwa penye shanga nyingi ndipo penye ufundi mwingi, kwa kuwa kila ushanga ni shahidi wa subira. Hoja hii ina sura ya haki, lakini haina mwili wake. Subira hupima bidii ya mshonaji. Haipimi uzuri wa kazi. Mtu aweza kusubiri mwaka mzima katika kosa moja.

Ngozi ina sheria yake. Kila tundu la sindano ni jeraha. Matundu yakiachana, ngozi huyastahimili. Yakisongamana katika mstari, hupasuka papo hapo kama karatasi ya stempu. Kioo nacho ni kizito, wala hakikunjiki. Sketi iliyofunikwa kote huwa ubao, haifuati mwendo wa mvaaji. Mfarishi nao una sheria iyo hiyo: mishono huishika pamba isikimbie, lakini ikizidi huilaza, hewa iliyomo hutoka, na joto hupotea. Tena duara la ushanga halionekani ila limezungukwa na ngozi tupu. Mwezi hupendeza kwa sababu mbingu haikujaa miezi.

Yamkini watajibu kwamba mnunuzi hulipa zaidi kwa kilichojaa. Mnunuzi huyo hutundika ukutani, na ukuta hauendi popote. Akifanywa mwalimu, binti wa kesho atashonea ukuta, na kiuno cha mwanadamu kitasahauliwa.

Basi kila ushanga na uulizwe: ukiondolewa, kitapungua nini? Usiokuwa na jibu usitiwe. Kizuri chajiuza, kilichosongwa mapambo ndicho kinachojitembeza.