Kahawa kwa Jina, Sukari kwa Uzito

Sisi wa lugha tumezoea kuulizwa na wenzetu wa tiba na wa kilimo: maneno yanamlisha nani? Safari hii jibu limo ndani ya kikombe. Huko Marekani kampuni ya Starbucks huuza kinywaji baridi kinachosagwa pamoja na barafu, kiitwacho Frappuccino. Watu hukiagiza dukani kama kahawa. Mimi nadai kwamba ni maji ya sukari na maziwa yaliyotiwa kahawa kidogo, na kwamba kilichokigeuza kuwa kahawa ni jina lake. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu hata kabla halijamfikia daktari.

Tuanze na jina hilo. Ni muungano wa maneno mawili. La kwanza ni frappé, Kifaransa tunachokijua sote: kilichopigwa, na kwa vinywaji, kilichopozwa kwa barafu. La pili ni cappuccino, kahawa ya Waitaliano yenye maziwa, iliyoitwa hivyo kwa sababu rangi yake ilifanana na kanzu ya watawa Wakapuchini. Watawa hao si wageni katika historia yetu. Walifika katika ufalme wa Kongo mwaka 1645, na mmoja wao, Giacinto Brusciotto wa Vetralla, alichapisha Roma mwaka 1659 sarufi ya Kikongo, sarufi ya kwanza ya lugha ya Kibantu kupigwa chapa. Jina la Frappuccino lenyewe lilizaliwa upande wa Boston, katika maduka ya The Coffee Connection. Starbucks iliyanunua maduka hayo mwaka 1994, ikapata na jina, na mwaka uliofuata ikaanza kukiuza kinywaji hicho katika maduka yake.

Brusciotto alikwisha kuona jambo tunalofundishwa mwaka wa kwanza: katika lugha zetu, nomino ndiyo inayotawala, na maneno mengine huifuata kwa upatanisho. Tukisema "kahawa yenye sukari", kahawa ni bwana na sukari ni mfuasi. Sasa tupime kikombe tuone nani bwana kweli.

Kikombe cha kati, kiitwacho Grande, hubeba mililita 473. Frappuccino ya karameli ya kipimo hicho, ikitengenezwa jinsi ilivyo kwenye orodha, ina sukari inayozidi gramu 50. Ukihesabu gramu 4 kwa kijiko cha chai, ni zaidi ya vijiko 12. Sehemu yake ni sukari ya asili ya maziwa, lakini iliyo nyingi ni ya kuongezwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata katika chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayekula kalori 2000, hiyo ni gramu 50, na ikiwezekana 25. Kikombe kimoja, kabla ya chakula chochote, kinakikaribia kiwango cha kwanza na kukivuka cha pili. Kahawa iliyomo ni unga kidogo unaoyeyuka. Tena kuna aina ziitwazo Crème ambazo hazina kahawa hata chembe, na bado zinabeba jina lile lile.

Ulimi nao haumsaidii mnywaji. Kitu baridi sana huonekana kuwa na utamu mdogo kuliko kilivyo, na uchungu wa kahawa huuficha utamu uliobaki. Yeyote aliyeonja barafu ya maziwa iliyoyeyuka na kupata joto anajua jinsi sukari inavyojitokeza.

Watetezi watasema: mteja ana uhuru, anaweza kukirekebisha kinywaji apendavyo. Ni kweli, orodha ya mabadiliko ni ndefu. Lakini tuyatazame moja moja. Akichagua maziwa yaliyoondolewa mafuta, mafuta yanapungua, sukari inabaki karibu ile ile. Akikataa krimu ya juu, tena anapunguza hasa mafuta. Akiomba shira ya ladha ipunguzwe, hapo sukari inashuka kweli, ila haiishi, kwa sababu kinywaji hutengenezwa kwa shira nyingine ya msingi, nayo ni tamu. Linalosaidia kuliko yote ni kuchukua kikombe kidogo. Hapo anakutana na majina tena: kidogo kinaitwa Tall, yaani kirefu, na kikubwa kinaitwa Venti, yaani ishirini kwa Kitaliano, kwa kuwa kikombe cha moto hubeba aunsi 20. Kikombe baridi cha jina hilo hubeba 24. Uhuru aliopewa mteja ni wa kubadilisha vivumishi. Nomino imekwisha chaguliwa na muuzaji.

Watasema pia kwamba hakuna siri. Tangu Mei 2018 sheria ya Marekani inayataka makampuni yenye maduka 20 au zaidi ya jina moja yaandike kalori kwenye orodha ya bei. Ni hatua nzuri, nami siipingi. Lakini kalori ni jumla tu. Haimwambii msomaji kama nguvu hiyo imetoka kwenye maziwa au kwenye shira. Bila shaka mtu mzima anayejua anachokunywa ana haki ya kukifurahia, kama sisi tunavyofurahia keki siku ya sherehe. Sharti ni kwamba ajue kuwa ni keki.

Fikiri juu ya mama mwenye kisukari, mmoja wa ndugu zetu wengi waliohamia Marekani. Daktari amemkataza soda, akamruhusu kahawa. Ametii. Anaingia dukani na mwanawe, anasoma neno coffee, anaagiza. Hakuna aliyemdanganya kwa sentensi moja ya uongo, lakini amedhurika kwa neno. Mwenye kumkinga hapo ni mfasiri aliyeandika vema karatasi ya hospitali, na mfasiri huyo huenda ameketi leo katika madarasa yetu.

Basi napendekeza mambo mawili. Katika zoezi la tafsiri, tuache kidogo maandishi ya fasihi, tufasiri orodha za vinywaji na karatasi za chupa, pamoja na zile zinazouzwa mjini kwetu kwa jina la juisi. Na tuweke kanuni: jina la Kiswahili lianze na kitu kilicho kingi. Tukiifuata, Frappuccino ya karameli itaitwa "maziwa ya barafu yenye sukari na kahawa kidogo".

Wakulima wa Idjwi na Kalehe wanahangaika mwaka mzima ili buni yao iitwe kahawa nzuri, na Starbucks yenyewe imewahi kuuza kahawa kutoka ukingo wa ziwa Kivu. Neno hilo wamelilipia kwa jasho, nasi wa kitivo hiki tunapaswa kulilinda lisiuzwe pamoja na vijiko 12 vya sukari.