TFC ya kukopia haitasema ukweli wa Beni

Vijana wa Butembo na Beni, ripoti Mapping ya ONU, ya 2010, ilihesabu matukio 617 ya uhalifu mzito katika Congo yetu, kati ya 1993 na 2003. Mauaji makubwa ya Beni yalianza mwezi wa kumi 2014. Haya nani atayaandika, kama tunakopia TFC ya zamani na kubadilisha jina tu?

Mbele ya kuchagua mada, ingia biblioteke. Soma TFC za wenye walitangulia, utafute swali lenye hawakuuliza, uliandike kwa mstari mmoja. Kila unachotoa kitabuni, andika mwandishi, mwaka, ukurasa. Kisha uwaulize wale wenye waliona, na majina yao uyafiche. Kazi yenye ushahidi njo itasimama mbele ya mahakama. Ya kukopia, hapana.