Diski Mbili na Hasara ya Mnunuzi

Upo usemi upendwao na wafanyabiashara kwamba mashindano humfaidi mnunuzi. Usemi huo una ukweli, lakini una mpaka wake. Mashindano ya HD DVD na Blu-ray, mifumo miwili ya kuhifadhi filamu kwa ajili ya televisheni za mistari 1,080, yanaonyesha mahali mpaka huo ulipo.

Kisayansi, mifumo hiyo ilikuwa ndugu. Diski ya DVD husomwa kwa leza nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650. Mifumo yote miwili mipya ilitumia leza ya buluu-zambarau ya nanomita 405. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi, ndivyo mwanga unavyoweza kukusanywa katika doa dogo zaidi, na ndivyo alama nyingi zaidi zinavyoenea katika diski yenye upana uleule wa sentimita 12.

Tofauti ilikuwa katika lenzi na kina cha habari. Blu-ray, iliyoongozwa na Sony, ilitumia lenzi yenye nguvu zaidi, na ikaweka habari milimita 0.1 tu chini ya uso wa diski. Tabaka moja likabeba gigabaiti 25. HD DVD, iliyoongozwa na Toshiba, ilibakiza kina cha milimita 0.6 kama cha DVD, ili mitambo iliyokuwapo viwandani iendelee kutumika. Tabaka lake likabeba gigabaiti 15. Upande mmoja ulichagua nafasi, wa pili ukachagua unafuu wa kutengeneza. Kila uchaguzi ulikuwa na hoja yake.

Basi kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa katika kuyapeleka mabishano ya maabara hadi dukani. Mwaka 1995 pande hizohizo zilikuwa na miundo miwili ya diski. Zikakubaliana juu ya mmoja kabla ya kuuza, ikazaliwa DVD. Mwaka 2005 mazungumzo ya namna hiyo yalivunjika. Mwaka 2006 mashine za pande zote mbili zikaingia madukani, na diski ya upande mmoja haikuweza kuchezwa na mashine ya upande wa pili. Makampuni ya filamu nayo yakagawanyika. Mnunuzi akabaki kubahatisha.

Wapo watakaosema kuwa vita vya panzi ni neema ya kunguru, kwani bei ilishuka. Ni kweli ilishuka. Mashine za kwanza za HD DVD ziliuzwa Marekani kuanzia dola 499 mwaka 2006. Kufikia Novemba 2007 zilipatikana kwa chini ya dola 100. Lakini tarehe 4 Januari 2008 Warner Bros. ilitangaza kwamba itatoa filamu zake kwa Blu-ray peke yake, na tarehe 19 Februari Toshiba ikatangaza kuiacha HD DVD. Aliyefurahia bei ya Novemba alijikuta, miezi mitatu baadaye, na mashine ya mfumo uliokufa. Huyo hakuwa kunguru. Alikuwa nyasi chini ya miguu ya tembo.

Isitoshe, bei ya mashine za DVD nayo ilishuka sana bila vita ya namna hiyo, kwa kuwa makampuni mengi yalishindana kutengeneza kitu kimoja kilichokubaliwa. Hapo ndipo pa kushindania: uimara, ubora wa kazi na bei. Kiwango chenyewe hapana budi kiafikiwe kwanza.

Wanafunzi wa sayansi wa leo ndio wahandisi wa kesho. Yafaa wafundishwe mapema kwamba kubuni kifaa bora ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupatana na wabunifu wengine kabla fedha ya mnunuzi haijatoka mfukoni.