Usonji Hauko Usoni



Kuna maneno mawili ambayo mtu mwenye usonji huyasikia maisha yake yote, na pengine huyasikia siku moja kutoka mdomo mmoja. La kwanza: "Lakini wewe mbona uko sawa tu, huonekani kama una shida." La pili: "Huyu mbona yuko hivi?" Hebu yaweke pamoja uone. Akisema ana usonji, haaminiwi kwa sababu haonekani. Akinyamaza, anakodolewa macho kutoka stage mpaka mlango wa msikiti.

Ukiishi katikati ya maneno hayo utaanza kujiuliza swali ambalo nimelisikia kwa zaidi ya kijana mmoja kwenye vikao vyetu vya mtaani: "Kwani mimi naonekana tofauti?" Mmoja aliniambia kila akipita dukani penye kioo husimama ajikague atafute kasoro iko wapi. Shati safi, nywele zimekatwa, uso hauna alama. Haioni. Lakini macho ya watu yashamwambia kuna kitu.

Wacha tulijibu swali lake sawasawa, manake jibu lake linatuhusu sisi sote tunaomtazama.

Usonji hauko usoni. Mwaka wa 1943 daktari Leo Kanner, huko Marekani, aliandika kuhusu watoto 11 ambao walikuja kujulikana kama watoto wenye usonji. Alieleza kwamba kimwili walikuwa watoto wa kawaida, na nyuso zao zilikuwa nyuso za watoto wenye akili. Mpaka leo hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayoonyesha usonji. Daktari huketi na wazazi akauliza mtoto alikua vipi, kisha akamwangalia anavyozungumza, anavyocheza, anavyopokea sauti na mwanga.

Kwa hivyo watu wanapogeuka kutazama, wanatazama nini? Wanatazama miondoko. Mikono inayopepea. Mwili unaojitikisa mbele na nyuma. Sauti isiyopanda wala kushuka. Jibu linalochelewa. Vidole vinavyoziba masikio mziki wa matatu ukifunguliwa. Kila kimoja kina sababu yake. Mziki ule ambao wewe unauona wa kuchangamsha, kwake ni kama msumari sikioni. Mikono inayopepea inamtuliza, kama wewe unavyotikisa mguu chini ya meza siku ya mtihani. Jibu limechelewa kwa sababu anapanga maneno, na kupanga huko ni kazi.

Mwaka wa 2017 mtafiti Noah Sasson na wenzake walichapisha utafiti ambao kila mmoja wetu angefaa kuujua. Waliwaonyesha watu wasio na usonji vipande vifupi vya watu wakizungumza, wengine wana usonji na wengine hawana. Katika sekunde chache tu, watazamaji waliwapa alama za chini wenye usonji, na hawakuwa na hamu ya kuwa karibu nao. Kisha wengine wakapewa maneno peke yake kwenye karatasi, bila picha wala sauti. Ile tofauti ikatoweka! Walichosema hakikuwa na kasoro. Kilichowahukumu ni namna walivyoonekana na kusikika wakikisema.

Basi kijana wa kwenye kioo hajakosea kuhisi. Anatazamwa kweli, na anahukumiwa kweli. Alichokosea ni mahali pa kutafuta kasoro. Anaitafuta usoni mwake, na yenyewe iko kwenye macho yanayomtazama.

Chukua jambo moja tu, macho. Wengi wenye usonji huona uzito kumtazama mtu machoni. Sasa angalia tunavyolipokea jambo hilo hilo. Kijana akiinamisha macho mbele ya ustadh, tunasema mashallah, ana adabu, amelelewa. Akiinamisha macho mbele ya watu wanaomhoji kwa kazi, tunasema hajiamini. Akiinamisha macho mbele ya askari usiku, tunasema huyu anaficha kitu. Macho ni yale yale. Kilichobadilika ni nani amesimama mbele yake na ana nguvu gani juu yake.

Hapo ndipo jambo hili linapotoka kwenye hisia za mtu na kuwa la haki. Sisi vijana wa Pwani hatuhitaji kufundishwa maana ya kusimamishwa njiani. Unajua unavyoambiwa: toa kitambulisho, unatoka wapi, nitazame nikikuongelesha. Wewe mwenye ulimi mwepesi bado moyo unakudunda. Sasa fikiria ni kijana ambaye tochi ikimulikwa usoni anashtuka, akishikwa ghafla anajinasua, akiulizwa maswali matatu kwa mpigo anapotea, na akiogopa zaidi anakimbia. Hajavunja sheria yoyote. Lakini kila anachofanya mwili wake kinasomwa kama ushahidi.

Na jambo hili limeshaua. Tarehe 30 Mei 2020, Eyad al-Hallaq, Mpalestina wa miaka 32 mwenye usonji, alikuwa anatembea asubuhi ndani ya Mji Mkongwe wa Jerusalem, akielekea kituo cha watu wenye ulemavu alichokuwa akienda siku zote. Polisi wa Israel walimshuku kuwa ana silaha. Wakamwamuru asimame, akaogopa, akakimbia. Walimpiga risasi wakamuua. Hakuwa na silaha yoyote. Askari aliyefyatua alishtakiwa, na Julai 2023 mahakama ikamwachilia. Mazingira ya Jerusalem si ya Mombasa, najua. Kule kuna ukaliaji wa mabavu, na kila Mpalestina ni mshukiwa kabla hajafungua mdomo. Lakini kiungo kimoja ni kile kile: woga wa mtu mwenye usonji ulisomwa kama hatia na mtu aliyeshika bunduki.

Wazazi wengi wanalijua hili moyoni, ndiyo maana humfundisha mtoto ajifiche. "Usipepee mikono watu wanaona." "Mtazame mtu usoni." "Cheka na wenzako." Siwalaumu, wanajaribu kumlinda. Lakini ajifiche mpaka lini? Wenye usonji wenyewe wanaeleza kuwa kuigiza mchana kutwa huwachosha mpaka wakifika nyumbani hawana nguvu hata ya kuongea, na tafiti zimehusisha kuigiza huko na wasiwasi na huzuni kubwa. Dada zetu wanaumia zaidi hapa. Msichana aliyejifunza mapema kuiga wenzake hugunduliwa kwa kuchelewa, au hagunduliwi kabisa. Arusini, kwenye vishindo vya ngoma na vigelegele, akitoka nje kupumzisha masikio anaambiwa anaringa. Asipojibu maamkizi marefu ya mashangazi anaambiwa hana adabu.

Na msidhani tunazungumzia mtu mmoja wa mbali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka wa 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Piga hesabu yako mwenyewe siku ya Ijumaa ukitazama safu. Yuko pale, pengine yule anayesimama nyuma kabisa karibu na mlango.

Katiba ya Kenya ya 2010 imeliona jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani. Kifungu cha 260 kinapoeleza maana ya ulemavu, hakiishii kwenye hali ya mwili au akili. Kinataja pia hali ambayo sehemu kubwa ya jamii inaichukulia kuwa inamzuia mtu katika shughuli zake za kila siku. Yaani Katiba inajua kwamba jicho la jamii lenyewe laweza kuwa kizuizi. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, kutoitwa kwa majina ya kumdunisha, na kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Kifungu cha 49 kinasema anayekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, ana haki ya kunyamaza, na afikishwe kortini ndani ya saa 24. Juu ya hayo tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Karatasi tunazo. Swali ni je, askari wa doria, mwalimu wa madrasa na kondakta wanazijua?

Kuna wanaosema: basi avae beji au abebe kadi, watu wajue. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ina manufaa yake, na anayeitaka asaidiwe kuipata. Lakini isiwe ndiyo bei ya utu. Mimi na wewe hatubebi cheti cha daktari ili tutazamwe vizuri. Mbona yeye?

Sisi Waislamu hatuna udhuru kabisa. Surat 'Abasa imeanza na nini? Imeanza na uso uliokunjwa na mtu aliyegeuka upande. Aliyekunjiwa uso ni Abdullah ibn Umm Maktum, radhi za Allah ziwe juu yake, naye alikuwa kipofu. Hakuuona uso ule uliokunjwa. Na bado wahyi ulishuka kwa ajili yake, na Mtume (s.a.w.) akawa anampokea kwa heshima kubwa baada ya hapo. Ikiwa uso uliokunjwa mbele ya asiyeona umeteremshiwa aya, tutasema nini sisi tunaomkunjia uso mtu anayeona kila kitu, na huku pembeni tumetoa simu tunamrekodi?

Basi tufanye nini? Haya hayahitaji bajeti.

Ukimwona mtu anajitikisa au anapepea mikono, endelea na shughuli yako. Hakuna unachotakiwa kurekebisha. Na video ya mtu aliyezidiwa hadharani isitoke kwenye simu yako, hata kama "unaeneza ufahamu".

Ukizungumza naye, uliza swali moja, kisha ngoja. Anayekutazama begani au ukutani huenda ndiye anayekusikiliza zaidi.

Kamati za misikiti na madrasa: punguzeni spika za ndani, na mtengeni pembe tulivu. Mtoto aliyetoka mbio kwa kelele asichapwe wala kuitwa ana shetani.

Ukiwa naye mkasimamishwa, sema kwa utulivu: "Afisa, mwenzangu ana usonji. Anakusikia lakini anachelewa kujibu. Tafadhali usimshike ghafla." Usibishane na mwenye bunduki. Shika jina la afisa na kituo. Akipelekwa, mfuate, uliza sababu na nambari ya OB, mpigie mzazi na wakili. Akidhulumiwa, peleka malalamiko IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi.

Na kwetu sisi waandalizi: tukikutana na OCS kuzungumzia usalama wa vijana, jambo hili liwe kwenye ajenda, na wenye usonji waketi mezani wajisemee wenyewe.

Na wewe kijana uliyesoma mpaka hapa huku ukijiuliza kama ni wewe ninayemzungumzia: huna deni la kujibadilisha uso. Pepea mikono yako. Tazama unapoweza kutazama. Kazi iliyobaki ni yetu.