Bukavu: nani anaamua fasi ya kupita, ya kuuza na ya kujenga?

Bukavu, Novemba 2024



Kama unatokaka Panzi asubuhi kuelekea katikati ya muji, unajua yenye tunataka kusema mbele hata hatujaisema. Unapanda taxi, inatembea kidogo, inasimama. Kufika Essence inasimama kabisa. Upande mumoja kuko magari yenye yanapakia, upande mwingine kuko camion yenye inashusha saruji saa mbili ya asubuhi, katikati pikipiki zinatafuta fasi ya kuponyoka, na chini kabisa, karibu na magurudumu, bamama wametandika sac na kuweka sambaza, ndizi, nyanya. Wanafunzi wanashuka, wanamaliza safari kwa miguu. Ambulance inalia nyuma, na kila mutu anaangalia mwenzake kama kusema: unataka nihame niende wapi?

Kisha, kila baada ya miezi fulani, communiqué inashuka. Inapita ku radio, inapita ku WhatsApp na muhuri chini yake: bamama watoke ku njia, wamotard wavae gilet na casque, magaraji ya pembeni ya barabara yafungwe, mwenye hatasikia ataadhibiwa. Siku ya kwanza wapolisi wanatokea, mabeseni yanapinduliwa, sambaza inamwangika mu matope. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu kuko wenye wanaanza kupokea makuta kidogo ili wafunge macho. Siku ya ine bamama wamerudi, pikipiki zimerudi. Na camion? Camion haikutoka hata siku moja. Camion iko na mwenyewe, na mwenyewe iko na namba ya simu ya mukubwa.

Hatuandiki hii ili kutetea fujo. Mama mwenye kuuza pembeni ya lami iko mu hatari, na mutoto wake mgongoni pia. Gari yenye imekosa frein mu mteremko haiulizi nani alilipa taxe ya soko. Motard mwenye kubeba watu watatu usiku bila taa anaweza kuua. Na sisi wenyewe, tuseme ukweli, tunapandaka watatu juu ya pikipiki moja kwa sababu makuta haitoshi. Muji unahitaji sheria ya njia. Lakini tunauliza: sheria hiyo, nani aliijadili? Wapi? Siku gani? Nani aliuliza bamama wa Essence kama ile soko yenye wanaambiwa waende iko na fasi ya bure, ao kila meza iko tayari na mwenyewe? Nani alihesabu siku ya mutu mwenye anaishi na faida ya siku moja?

Katiba ya 2006, article ya 3, inasema kama ville na commune ni entités zenye kujiongoza zenyewe kupitia viongozi wa pale pale. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaeleza namna gani. Inasema sherti muji ukuwe na conseil urbain. Conseil hiyo njo inajadili plan ya muji, barabara, mitaro ya maji, taa za njia. Conseil hiyo njo inachagua meya, na meya anatoa hesabu mbele yake. Haikuandikwa kama meya anaamka asubuhi, anaandika communiqué, na muji mzima unakimbia.

Tangu 2008 hadi 2024 ni miaka 16. Mu hiyo miaka yote, conseil urbain ya Bukavu haikukaa hata siku moja. Mu tarehe 20 Desemba 2023 tulisimama ku mistari, mvula juu ya kichwa, tukachagua na wa conseillers communaux. Ilikuwa mara ya kwanza chini ya katiba hii. Wale conseillers njo wanapashwa kuchagua conseillers urbains, na conseillers urbains wachague meya. Ngazi iko na vidaraja vitatu, tumepanda kimoja, na wamekamata miguu yetu. Mu miezi ya 2024 tulisikia kama makuta ya kuendelesha uchaguzi haiko. Wakati tulikuwa tunangoja, mu 2024, meya alikuwa anawekwa na ordonnance kutoka Kinshasa, na anaondolewa na ordonnance. Mutu wa namna hiyo anaangalia fasi ordonnance inatokea. Hata akiwa mutu mwema, hata akiwa na roho ya kazi, mama wa sambaza hana kura yenye inaweza kumfanya asikie.

Wengine mtasema: wandugu, vita iko Nord-Kivu, watu wanakimbia kila siku, na ninyi munatuletea habari ya parking? Ndiyo. Kwa sababu wale wenye wanakimbia wanafika hapa, na wanakodi nyumba kule kwenye udongo unatelemuka. Mambo hayo ni mamoja.

Tuangalie kidogo namna muji huu umejengwa. Wabeleji waliuita Costermansville, wakautengeneza juu ya zile ndimi za udongo zenye kuingia mu ziwa, kwa ajili ya wazungu wachache, na wakaweka wafanyakazi weusi kando, Kadutu na Bagira. Njia kubwa ilikuwa moja, na hadi leo karibu ni ileile: ukifunga Nyawera, ao ukifunga Place de l'Indépendance, umefunga Bukavu. Vita vya miaka ya 1990 na vyenye vilifuata vikasukuma watu wa vijiji ndani ya muji. Watu wakaongezeka mara nyingi sana, lakini njia haikuzaa njia ingine. Badala ya ile, fasi zenye zilikuwa wazi, zenye zingekuwa parking, soko ndogo, uwanja wa watoto, zikakatwa parcelle. Fasi yenye ulichezea mupira ukiwa mutoto, leo ni étage ya mutu. Hapa kila mumoja wetu anaweza kuonyesha moja na kidole.

Na ukipanda Kadutu, kwenye avenues za Buholo, Nyamugo, Cimpunda, unakuta nyumba za mbao zimebanana sana, hata mitungi miwili haipishane mu kijia. Moto ukiwaka kwenye nyumba moja, gari ya kuzima moto haina fasi ya kupita. Watu wanazima na mabeseni, na kubomoa nyumba ya jirani ili moto usivuke. Mvula ikinyesha, udongo unashuka na nyumba, na watu ndani. Asubuhi wakubwa wanafika na gilet, wanasema neno lenye tunalijua: "constructions anarchiques."

Anarchie ya namna gani hii yenye iko na muhuri? Mutu maskini hajenge mu bonde bila karatasi. Alilipa chef, alilipa agent, alipata fiche, pengine na autorisation de bâtir juu yake. Kila ofisi ilikamata yake. Siku ya msiba, wale wote wenye walisaini hawaonekane, anabaki mwenye nyumba peke yake na kosa lake. Kama kungekuwa conseil yenye inajadili plan ya muji mbele ya watu, angalau tungejua nani alinyosha mukono kusema "hapa watu wajenge", na nani alisema hapana. Leo hakuna mukono. Kuko paka sahihi mu ofisi yenye imefungwa.

Turudi kwenye ile camion ya saruji, kwa sababu inafundisha sana. Tuseme conseil urbain inakaa siku moja, na mbele yake kuko swali hili dogo: camions zishushe mizigo saa ngapi? Mutu wa hôpital atasema: si asubuhi, juu ya ambulance. Mwalimu atasema vilevile. Basi wote tunakubali: washushe usiku. Lakini pale mfanyabiashara wa kawaida, si yule tajiri, atasimama aseme: usiku wananiibia, na ku kila barrière ninalipa. Mubebaji wa mizigo atasema: usiku nitarudi nyumbani na nini, na njia gani, giza tupu? Kumbe swali la camion limekuwa swali la taa za barabarani. Na taa ni makuta. Basi conseil itauliza: makuta ya parking yenye tunakusanya kila siku inaenda wapi? Angalia mbali tumefika. Kutoka saruji hadi budget ya muji, bila kumpiga mama yeyote fimbo. Huo njo mjadala wenye tunanyimwa. Communiqué haiwezi kuufanya, kwa sababu communiqué haina masikio.

Tuongee basi ya parking. Motard wa Bukavu analipa. Muulize, atakutolea karatasi mufukoni: ya mairie, ya commune, ya association, na ile yenye haina karatasi, ya mutu wa roulage ku rond-point. Chauffeur wa taxi analipa vilevile. Kwa malipo hayo wanapata nini? Tafuta parking moja yenye iko na choo. Tafuta moja yenye iko na fasi ya kujifichia mvula, ao hata mustari wa rangi chini wa kuonyesha pikipiki ziishie hapa. Kisha tunashangaa kama zinajaza njia. Na kuko tena ile 40% ya sehemu ya mapato ya taifa yenye province inapokea, yenye sheria inasema ni haki ya villes, communes, secteurs na chefferies. Ni mara ngapi ulisikia meya anasimama mbele ya watu kusema: mwaka huu ilifika kiasi hiki, tulifanya hiki?

Hatuna utoto. Tunajua kuko wenye mtasema conseil urbain itakuwa paka kundi ingine la kula. Inawezekana. Mu 2023 wengi walichaguliwa juu ya T-shirt na pagne, na hata mu familia zetu tulizipokea. Lakini tofauti iko: conseiller communal wako anaishi kwenu. Unajua kwao, unamukuta ku kanisa, ku mazishi, ku salongo. Ukimuuliza mbele ya majirani kwa nini alinyamaza, sherti ajibu ao apite njia ya nyuma. Yule mwenye alikuja na ordonnance, utamukutia wapi?

Kwa hiyo tunaomba hivi. CENI na serikali wamalize uchaguzi wenye walianza: conseillers urbains, bourgmestres, meya, na watoe tarehe yenye haitaruka tena. Wakati tunangoja, mairie iache kufukuza mutu yeyote ku njia bila kwanza kumuonyesha, kwa jina la soko na kwa namba ya meza, fasi yenye anaweza kuenda. Na mbele ya kila arrêté ya circulation, wamotard, bamama, wachauffeur, hôpitaux na masomo waitwe waseme, mulango wazi, mu Swahili, si mu Kifaransa cha ofisi. Tarif ya kila taxe ya parking ibandikwe pale pale ku parking, na jina la service yenye inapokea. Na kipande chochote cha fasi ya watu wote chenye kimebakia mu communes tatu, kisiuzwe tena hadi pale conseil itakaa. Hii ya mwisho hatuiombe. Tunaidai.

Na ninyi wenye munasoma: Siku ya Posho hii ya kwanza, kiisha salongo, tutaenda kuona wa conseillers communaux wetu, kila mumoja kwao, Ibanda, Kadutu, Bagira. Si kwa kelele. Tutabeba swali moja limeandikwa: "Ulifanya nini tangu tulikuchagua ili conseil urbain ikae?" Muombe ajibu ku karatasi na asaini. Mwenye iko motard ao chauffeur, chunga jetons zote za wiki moja, hata zenye zimepasuka, utuletee. Tutaziweka pamoja na kuzipeleka ku mairie, tuulize moja moja inalipia nini. Mama yako akiuza Essence, Nyawera ao Kadutu, muulize leo mangaribi: kama wangemupa kiti mu ile conseil, angesema nini kwanza? Andika vile atajibu, na maneno yake, usiyasahihishe.