Projekta: Tuelezwe Idadi Halisi ya Nukta



Nina dukuduku kuhusu projekta zinazouzwa kwa shule zetu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, hapa Urambo. Wazazi walipokwisha kuuza tumbaku yao walikubaliana mkutanoni kuchangia projekta, kwa kuwa umeme tunao na vitabu havitoshi. Sanduku lilikuwa limeandikwa "4K" kwa herufi kubwa. Tukatundika shuka jeupe, tukafunga madirisha, na ukurasa wa kitabu cha darasa la nne ukatokea. Mtoto wa kwanza kusimama akasoma "ngombe". Nikamkemea. Kumbe kosa halikuwa lake: ile alama ya juu katika "ng'ombe" haikuonekana kabisa, mashine imeimeza! Na mtoto anayezungumza Kinyamwezi nyumbani hujifunza kuandika Kiswahili kwa kutazama.

Nilipopekua kijitabu cha maelezo nikakuta, kwa maandishi madogo, nukta 800 kwa 480. Picha ya projekta hujengwa kwa nukta, ambazo mafundi huziita pikseli. Hizo zetu ni 384,000. Picha ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani zaidi ya milioni 8. Ukurasa wetu una mistari 40. Gawa nukta 480, kila mstari unapata 12 pamoja na nafasi ya kutenganisha mstari na mstari. Alama ya "ng'ombe" ingekaa wapi?

Muuzaji alijitetea kwamba mashine "inapokea" 4K. Ni kweli inapokea, kama debe linavyopokea gunia zima la karanga: debe linajaa na zilizobaki zinamwagika.

Nisieleweke vibaya. Sipingi ujanja wa kuongeza nukta, maana upo ulio halali. Televisheni za zamani zenye mistari 625 zilichora nusu ya mistari kwanza, kisha nusu ya pili katikati yake, mara 50 kwa sekunde, na jicho likaunganisha. Siku hizi kampuni ya Texas Instruments ya Marekani hutengeneza kipande chenye vioo vidogo sana 1,920 kwa 1,080. Mbele yake huwekwa kioo kinachotikisika kidogo mno, picha ikasogea nusu nukta upande huu, kisha ule, mara nne kabla jicho halijatambua. Kila msogeo hubeba sehemu nyingine ya picha, hivyo vioo milioni 2 vikafanya kazi ya nukta milioni 8. Nukta hizo hupandana kidogo, kwa hiyo ukali wake haulingani kabisa na wa mashine yenye nukta zote milioni 8, lakini maandishi husomeka vizuri. Hapo jicho linadanganywa kwa faida ya mtazamaji. Sisi tumedanganywa na sanduku.

Mkulima wa Urambo anajua maana ya mizani. Robota lake la tumbaku likipunguzwa hata kilo moja atapiga kelele, na Wakala wa Vipimo wapo kwa ajili hiyo. Mbona nukta hazina mizani? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Naomba Tume ya Ushindani pamoja na Shirika la Viwango wadai kila sanduku la projekta liandikwe nje, kwa Kiswahili, idadi halisi ya nukta za mashine, na kama inatumia msogeo, mara ngapi.

Kwa walimu wenzangu mnaotaka kununua: nendeni dukani na kompyuta yenye picha ya nukta 1,920 kwa 1,080, iliyojaa mistari, mmoja mweusi mmoja mweupe, kila mmoja upana wa nukta moja. Mkiona rangi ya kijivu au mawimbi badala ya mistari, rudini na fedha za wazazi.

Sisi tumeshanunua. Sasa naonyesha robo ya ukurasa kwa wakati mmoja, na "ng'ombe" nimemwandika ubaoni kwa chaki.

Mwalimu wa Kijijini,
Urambo, Tabora.