Gari la Mchina: kaulizie taa kwanza

JICHO LA BARABARANI
Na Zuhura Kimaro

Anayenunua gari la kwanza hapa Dar es Salaam hakosi shemeji wa kumwambia achukue Toyota IST. Shemeji huyo hajakosea. Ila siku hizi wengi wananiuliza habari za Wachina: kampuni gani haitanitia hasara?

Wachina hawa hawalingani. Chery ipo Wuhu tangu 1997. BYD ya Shenzhen ilianza 1995 na betri, magari yakafuata 2003. Geely ndiyo iliyoinunua Volvo mwaka 2010, na Haval unayoiona barabarani ni ya Great Wall. Kampuni hizi zina mizizi. WM Motor nayo ilikuwa na magari mazuri ya umeme, lakini Oktoba 2023 ikaangukia kwenye kesi ya ufilisi, na wateja wakabaki na programu za simu zisizofanya kazi. Kwa gari la kwanza, mimi sigusi kampuni isiyofikisha hata miaka kumi, hata kioo chake cha ndani kiwe kikubwa kama televisheni ya sebuleni.

Umri peke yake hautoshi. Kabla ya kwenda yadi, pita Kariakoo na Ilala kwenye maduka ya spea, utaje modeli na mwaka, uulizie taa ya mbele. Filta ya oili na brekipadi si kipimo, hizo hazikosi kupatikana. Taa ndiyo itakayopasuliwa na bodaboda kwenye foleni ya Ubungo. Ukiambiwa "tutakuagizia", uliza ni wiki ngapi, maana gari litakuwa limelala gereji na wewe umerudi kwenye daladala huku mkopo unakatwa.

Jihadhari pia na bei tamu kupita kiasi. Mei 2025, Wei Jianjun, mwenyekiti wa Great Wall, alilalamika hadharani kuhusu magari mapya yanayosajiliwa huko China kisha kuuzwa kama yaliyotumika, ilhali hayajatembea. Mengine huuzwa nje. Gari la soko la China lina usukani kushoto, maandishi ya Kichina kwenye kioo, na waranti ambayo wakala wa hapa hana sababu ya kuitambua. Dai waranti yenye jina na mhuri wa wakala aliyepo nchini. Maneno ya dalali usiyahesabu.

Kuhusu BYD, magari ya petroli tupu iliacha kuyatengeneza Machi 2022. Sasa ni ya umeme, au mseto unaochajiwa. Mwenye nyumba yake na afikirie. Mpangaji wa chumba na sebule anayechangia umeme wa LUKU na wapangaji wenzake atachaji wapi usiku? Huyo ningemtafutia Chery ya petroli isiyo na turbo, kama fundi wa mtaani kwake ameshawahi kufungua moja. Kama hajawahi, basi IST ya shemeji.